Majalada Mawili ya Mji Mmoja

Ofisi ya msaada wa kisheria ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro, na ngazi zake zilikuwa nyembamba kiasi kwamba anayepanda na anayeshuka hawakuwa na budi kusalimiana. Huko juu kulikuwa na vyumba viwili, mabenchi matatu, mashine ya kuchapia iliyokohoa kama mzee wa kifua, na mwanamke mmoja ambaye wote walimwita Bi Kwanini.

Jina hilo alibandikwa na Wakili, mkuu wake wa kazi, juma lake la kwanza, na mwezi haukwisha kabla hata mfagiaji hajalisahau jina lake la kweli. Yeye hakununa. Alikuwa amekaa masijala ya mahakama miaka kumi na mmoja akipokea majalada, akiyapanga, akiyapangusa vumbi, bila ruhusa ya kumuuliza mtu lolote. Alipopata cheti cha usaidizi wa sheria na kuja kuwahudumia wakimbizi, maswali ya miaka yote ile yalikuwa bado yamo tumboni, yanasubiri zamu.

Jumatatu moja asubuhi waliingia kaka na dada. Dada mtu alikuwa mshonaji, mwembamba, mwepesi wa miguu, na ndiye aliyebeba bahasha. Kaka mtu alikuwa na miaka hamsini hivi, shati limenyooshwa vizuri, ndevu zimechongwa. Alitembea hatua moja nyuma, vidole vyake vimegusa kamba ya mkoba wa dada yake, kama mtu anayechelea kumpoteza katika msongamano. Ofisini hapakuwa na msongamano.

"Kaka yangu ni fundi redio," dada mtu alisema alipokwisha kukaa. "Tumezaliwa tumbo moja. Tumekimbia mji mmoja, siku moja, njia moja. Mimi nimepewa hifadhi. Yeye wamemwandikia hii."

Akatoa bahasha mbili na kuziweka mezani. Bi Kwanini akazifungua, akaziweka karatasi sambamba, akasoma mara ya kwanza kwa haraka na mara ya pili polepole. Sababu ya kukimbia ilikuwa ileile kwa wote wawili: wenye bunduki waliouteka mji wao walidai kwamba Fundi anawatengenezea wapinzani mitambo ya mawasiliano. Walikuja kumtafuta, hawakumkuta, wakachoma nyumba. Dada mtu aliaminiwa. Aliulizwa kuhusu mji, akaeleza posta yenye kuta za njano, soko lenye paa la bati jekundu, daraja lenye matao matatu.

Uamuzi wa Fundi ulikuwa mrefu maradufu, na haukuwa na neno la huruma ndani yake. *Mwombaji hajui rangi ya jengo la posta. Alipoonyeshwa picha ya daraja la mji mwingine, alisema ni daraja la kwao. Alipoonyeshwa soko la mji anaodai ni wake, alisema ni shule. Haiaminiki kwamba amewahi kuishi huko.* Chini kulikuwa na muhuri na maelezo ya rufaa: siku thelathini tangu tarehe ya uamuzi. Tisa zilikuwa zimeshaliwa na posta.

"Fundi," Bi Kwanini aliuliza, "kwa nini ulisema soko ni shule?"

"Nilichanganyikiwa, mama."

"Na daraja?"

"Nilichanganyikiwa zaidi."

Alijibu kwa upole, kichwa kimeinama upande, kama anayesikiliza kitu kingine. Kisha akasema, bila kuulizwa, "Hiyo mashine yenu, gurudumu lake la mpira limelika upande mmoja. Ndiyo maana inavuta karatasi kwa kukohoa."

Bi Kwanini aliitazama mashine. Fundi yeye alikuwa ameuelekea ukuta.

Walipoondoka, Wakili alisoma karatasi zile amesimama, miwani imeshuka puani. Alikuwa mtu mwema aliyechoka, aliyewahi kudanganywa na wateja akawatetea hivyo hivyo.

"Watu huokotana njiani," alisema. "Mmoja ana kesi nzuri, mwingine hana, wanakuwa kaka na dada. Siwalaumu. Ningekuwa wao ningefanya hivyo hivyo."

"Wana pua moja."

"Pua si ushahidi."

"Mtu aliyejifunza uongo angejifunza rangi ya posta," Bi Kwanini alisema. "Dada mtu anaijua. Kwa nini asimwambie? Usiku mmoja tu ungetosha."

Wakili akavua miwani. Hilo hakuwa amelifikiria.

Waliporudi Alhamisi, Bi Kwanini hakuuliza sana. Alitazama. Aliona Fundi akiwekewa chai, na kabla ya kunywa akipitisha kidole kwenye ukingo wa kikombe. Aliona akiombwa kutia sahihi kwenye fomu ya kukubali kuwakilishwa. Dada mtu akamwekea kalamu mkononi na karatasi chini ya kidole, naye akaandika jina lake vizuri kabisa, ila juu kidogo ya mstari, likaparamia maneno yaliyochapwa. Wakili alipoingia na kumnyooshea mkono bila kusema neno, mkono ule ulibaki hewani mpaka dada mtu akakohoa. Ndipo Fundi akainuka na kunyoosha wake, kwa tabasamu, pembeni kidogo ya ule uliokuwa ukimngoja.

Jumatatu iliyofuata Bi Kwanini alifanya jambo ambalo baadaye alilionea haya. Katikati ya mazungumzo aliinua kalamu, akaishika mbele ya uso wa Fundi, shubiri moja tu kutoka puani, akainyamazia. Fundi aliendelea kueleza jinsi walivyovuka mpaka. Hakupepesa.

Dada mtu aliona. Uso wake ukabadilika, kisha ukalegea, kama wa mtu aliyetuliwa mzigo na mtu asiyempenda.

"Mwambie, Kaka," alisema.

"Nimwambie nini?"

"Ameshika kalamu mbele ya macho yako."

Chini, dukani, mtu alikuwa akipiga godoro kwa kiganja kumwonyesha mteja ugumu wake.

"Nisamehe," Bi Kwanini alisema, akairudisha kalamu mezani. "Ningekuuliza tu. Kuuliza ndiyo kazi yangu, na leo nimefanya kazi ya mwizi."

Fundi alijipapasa goti. "Naona mwanga na kivuli," alisema mwishowe. "Ukipita dirishani najua kuna mtu amepita. Ilianza nikiwa na miaka thelathini na kitu, kama mtu anayefunga pazia kila mwaka kidogo. Redio haihitaji macho. Inahitaji vidole na sikio. Kule kwetu wako wateja walioniletea redio miaka mitano bila kujua. Nilikuwa Fundi, basi. Hakuna aliyeniita kipofu."

"Na afisa aliyekuhoji?"

"Rangi ya posta sikuijua; ilipakwa upya macho yakiwa yameshaondoka, wala sikuwahi kumuuliza dada yangu ikawa ipi. Kisha akasema, tazama picha hii. Nikatazama. Akauliza, hili ni daraja lenu? Mtu anayeuliza hivyo anataka ndiyo, kwa hiyo nikasema ndiyo. Ile nyingine hakunisaidia, akauliza tu hiki ni nini. Nikasikia watoto wakipiga kelele nje. Nikasema shule."

Dada mtu alicheka bila kutaka, akajiziba mdomo. Fundi naye akacheka, na kwa mara ya kwanza Bi Kwanini aliona pua ile ikifanya mkunjo uleule katika nyuso mbili.

"Sasa nieleze," alisema. "Kwa nini hukumwambia?"

Aliyejibu alikuwa dada mtu. Siku ya pili katika kituo cha mapokezi, alisema, jirani yao wa hema, mzee asiyeweza kutembea, alipakiwa kwenye gari asubuhi. Walisema wenye ulemavu wana kituo chao, mkoa mwingine, chenye huduma bora. Mkewe alibaki amesimama na sufuria mkononi. Gari lilipoondoka, Kaka alimwapisha: asimwambie mtu yeyote, popote, hata akiulizwa kwa kiapo.

"Sina mtu mwingine, mama," Fundi alisema. "Nina huyu tu. Nikafikiri, bora niwe mwongo hapa kuliko mkweli mkoa mwingine."

Bi Kwanini aliandika jina la kituo, tarehe, na habari za mzee yule na mkewe kwenye karatasi ya pembeni, kwa sababu hilo nalo lilikuwa na kwa nini yake. Kisha akawaeleza taratibu. Sheria haikuruhusu ndugu wanaotegemeana kutenganishwa bila ridhaa yao. Alichofanyiwa mzee yule kilikuwa kosa, na angeandika barua kuhusu hilo. Ulemavu haukuwa sababu ya kunyimwa hifadhi. Ulikuwa sababu ya kuhojiwa kwa namna nyingine.

"Unaniahidi?" Fundi aliuliza.

"Siahidi ushindi. Nakuahidi kwamba sheria imeandikwa hivyo, na kwamba nitawasomea waamuzi kwa sauti kubwa."

Daktari wa macho wa hospitali ya serikali aliandika barua fupi: mgonjwa anatambua mwanga na kivuli pekee, na hali hiyo ilimwingia taratibu kwa zaidi ya miaka kumi. Wakili aliisoma, akapiga mluzi mdogo. Halafu akawa Wakili tena.

"Hii inaonyesha hakuziona picha. Haionyeshi kwamba mji ni wake. Watasema, kipofu, ndiyo, lakini kipofu wa wapi?"

Swali hilo Bi Kwanini alilala nalo na kuamka nalo. Asubuhi alimketisha Fundi, akasema, "Nitoe nyumbani kwako unipeleke kazini kwako. Nishike mkono, twende."

Fundi akaanza, na sauti yake ikawa ya mtu mwingine, mwenye haraka na uhakika. Ukitoka mlangoni unashika kulia. Hatua arobaini na mbili unafika kwa mwoka mikate. Utapajua kwa joto la ukuta, maana tanuri imeugusa. Hapo barabara inateremka. Hatua mia moja na kumi, mashine ya kusaga nafaka kushoto. Ikiwa kimya ujue ni Jumapili. Unavuka mfereji wenye ubao unaolia katikati. Hatua mia mbili na thelathini mpaka posta. Hapo upepo hukupiga shavu la kushoto, kwa sababu ni uwanja. Ukiiacha posta, njia inapinda, unashuka ngazi kumi na moja, ya saba imevunjika ukingo. Chini ya ngazi, hatua sitini, karakana yangu.

Bi Kwanini aliandika mpaka mkono ukauma. Kisha akaazima futi ya kupimia ya dada mtu na kumtembeza Fundi ukumbini, huku na huku mbele ya mabenchi yenye watu, apime hatua yake. Wateja wengine waliinua miguu kumpisha. "Huyu anapimiwa suruali?" mtu aliuliza. Hatua ya Fundi ilikuwa sentimita sitini na nane, na haikubadilika hata mara moja katika safari sita.

Maktaba ya chuo kikuu ilikuwa na chumba cha ramani, na chumba hicho kilikuwa na bwana mmoja mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani. Mtunza ramani yule hakuwa ametembelewa na mtu kwa juma zima, hivyo alimpokea Bi Kwanini kama mgeni wa harusi. Alivuta droo, akatoa ramani ya mji ule, akaitandaza. Wakaweka rula. Mwoka mikate: kulikuwa na kijialama cha tanuri, mita ishirini na nane na nusu kutoka pembe ya mtaa ilipokuwa nyumba ya Fundi. Hatua arobaini na mbili. Mashine ya kusaga ilikuwepo. Mfereji ulikuwepo. Posta, yenye uwanja upande wa kushoto, ilikuwa palepale iliposemwa iko.

Bi Kwanini aliandika kila kipimo. Kisha wakafika kwenye ngazi kumi na moja. Ramani haikuwa na ngazi. Baada ya posta barabara ilinyooka kama uzi.

"Basi kesi iishie posta," Wakili alisema jioni hiyo. "Hatua za mwanzo zinatosha. Ngazi tuziache. Mwakilishi wa serikali akiziona, atatubwaga."

"Kwa nini mtu aseme kweli hatua mia tatu na themanini, halafu aseme uongo kumi na moja?"

"Kumbukumbu huteleza."

"Yake haitelezi."

Alimpigia Fundi simu saa hiyo hiyo. Ngazi zilijengwa lini? Fundi akasema ni baada ya mvua kubwa. Kilima kiliporomoka kikala barabara, magari yakapewa njia nyingine, wapita kwa miguu wakajengewa ngazi. Mwaka gani? "Mwaka aliofariki mama," alisema, na nyuma yake dada mtu akautaja. Ilikuwa miaka sita iliyopita. Ramani ya chuo kikuu ilichapwa miaka ishirini iliyopita.

Kesho yake milango ya maktaba ilipofunguliwa Bi Kwanini alikuwa nje. Mtunza ramani alisikiliza, akashusha miwani ya kichwani akaivaa juu ya ile ya usoni, na kwenda kwenye kompyuta yake. Alikuwa na picha zilizopigwa kutoka angani miaka mitatu nyuma. Alitafuta muda mrefu, akinung'unika. Kisha akasogeza kiti.

"Tazama mwenyewe."

Nyuma ya paa la posta barabara ilikatika kama iliyong'atwa. Palikuwa na udongo mtupu, na kando yake, kwa mshazari, utepe mwembamba wa kijivu wenye mistari ya vivuli.

"Siwezi kukuhesabia ngapi," mtunza ramani alisema, "lakini ngazi zipo."

"Niandikie hivyo hivyo," Bi Kwanini alisema. "Kwamba huwezi kuzihesabu, lakini zipo."

Rufaa iliwasilishwa zikiwa zimebaki siku mbili. Jopo liliketi miezi miwili baadaye, katika chumba chenye meza ya nusu duara na watu watatu nyuma yake. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ndogo iliyowafanya watu wote wanyamaze ili waisikie. Mwakilishi wa serikali alikuwa kijana nadhifu aliyesoma jalada lote. Hilo Bi Kwanini alilipenda hata kama lilimtia hofu.

"Kwa hiyo," kijana alisema, "ulimdanganya afisa."

Wakili alifumbua mdomo, lakini Fundi alimtangulia. "Ndiyo. Nilimdanganya kwamba naona. Hayo mengine yote nilimwambia kweli."

"Kwa nini tukuamini leo?"

"Usiniamini. Niulize."

Kijana alitazama karatasi zake. Ramani ya mji ilikuwa mbele yake, pamoja na maelezo ya safari ya kazini, ambayo yangeweza kukaririwa. Akaigeuza ramani. "Karakana mpaka hospitali," alisema. "Hiyo haimo katika maelezo yako."

Wakili alimtazama Bi Kwanini. Bi Kwanini hakuijua njia hiyo; hakuwahi kuiuliza, na ilimuuma kuona kwamba kuna swali lililompita.

Fundi aliinamisha kichwa upande. "Kuna njia mbili. Ya gari au ya miguu?"

"Ya miguu."

"Natoka na kushika kushoto. Sipandi ngazi. Hatua tisini kuna fundi seremala, hunukia mbao mbichi. Hapo nakata kulia kwenye uchochoro. Mabega yangu yote mawili karibu yaguse kuta. Uchochoro ukiisha nasikia maji, ni daraja. Navuka nikishika ukuta wa kulia, maana wa kushoto una chuma kilichotokeza, kiliwahi kunichania shati. Ng'ambo nahesabu mia na sabini, kupanda. Lango la hospitali ni la chuma, na mlinzi wake huwa na redio niliyomtengenezea mara tatu. Hanisikii nikija."

Kidole cha mwakilishi wa serikali kilikuwa kikitembea juu ya ramani. Kilikata kulia, kikapita kati ya majengo mawili yaliyobanana, kikavuka mto, kikapanda, kikasimama. Alikaa akikitazama kidole chake kwa muda.

"Sina swali jingine," alisema.

Mwenyekiti yeye alikuwa nalo. Aliinama mbele. "Huo mfereji wenye ubao," aliuliza, na sauti yake haikuwa ya ofisi tena. "Ubao ukiondolewa, ungejuaje?"

"Uliondolewa mara moja, mheshimiwa," Fundi alisema. "Nilijua nilipokuwa chini."

Chumba kizima kilicheka, na mwenyekiti akaruhusu kicheko kiishe chenyewe.

Uamuzi ulikuja wiki ya sita. Uamuzi wa kwanza ulitenguliwa, Fundi akatambuliwa kuwa mkimbizi, na jopo likaandika aya moja kuhusu fomu ya mahojiano yenye kurasa kumi na nne ambayo hapana mahali ilipomuuliza mtu kama anaona au anasikia. Aya hiyo Wakili aliikuza na kuibandika ukutani. Kuhusu mzee wa kituo cha mapokezi, barua tatu za Bi Kwanini zilijibiwa kwa pamoja: mkewe alikuwa amepewa kibali cha kumfuata, ingawa hakuna aliyeeleza kwa nini ilichukua miezi mitano.

Dada mtu alimsomea kaka yake uamuzi wote pale ofisini, neno kwa neno. Alipomaliza hakulia. Alikunja karatasi na kumgombeza.

"Mwaka mzima umenibebesha kiapo kile. Nililala nacho kama jiwe."

"Najua."

"Hujui. Mwenzio nilikuwa naulizwa huku natazamwa machoni."

Fundi aliutafuta mkono wake juu ya meza, akaupata, na dada mtu akauacha ushikwe, ingawa aliendelea kugeuzia uso dirishani.

Idara ya ustawi wa jamii ilimpa Fundi fimbo nyeupe. Mwanzoni aliikunja akaitia mfukoni mwa koti, kisha kidogo kidogo ikatoka. Siku ya kuchukua kitambulisho Bi Kwanini aliwasindikiza. Walipotoka kwenye jengo, Fundi alimwomba dada yake atangulie na vitu vyake. Yeye angerudi kwa miguu.

"Unaijua njia?" Bi Kwanini aliuliza.

"Nusu. Nimefika mpaka kwenye duka la rangi. Baada ya hapo kuna kitu kinachovuma ambacho sijakijua, juu, upande wa kulia. Miezi mitatu kinanisumbua."

Bi Kwanini aliitazama saa yake. Alikuwa na wateja saa tisa. Akaitazama barabara, akajaribu kusikiliza, na hakusikia kitu zaidi ya magari.

"Twende tukakione," alisema, na wakaanza kutembea, Fundi akihesabu kwa sauti ya chini.